Hilali Jikoni kwa Mama

Mama alimsamehe kaka mapema sana. Darubini ndiyo ambayo hakuisamehe.

Ilitufikia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ndani ya gunia la nguo, imeviringishwa kwenye sweta. Aliyeituma ni baba mdogo, aliyekuwa amekwenda Marekani na familia yake kwa ile safari ya makazi mapya iliyowachukua Wakongo wengi wa kambi yetu. Lenzi ya mbele ilikuwa na upana wa milimita 70, na bomba lake lilikusanya mwanga umbali wa milimita 700 kutoka hapo. Stendi ilitakiwa iwe na miguu mitatu, lakini mmoja ulipotea njiani, Papa akachonga wa mti. Kwa miezi kadhaa tuliangalia mwezi tu, na Mama aliupenda kuliko sisi sote. Siku ya kwanza alipoyaona mashimo yake alimwita Koko, mama yake Papa, akamshika bega na kumwonyesha pa kuweka jicho.

Kisha redio zikaanza kueleza kwamba Alhamisi, tarehe 1 Septemba 2016, jua litapatwa kipete. Mwezi utapita mbele ya jua, lakini kwa kuwa siku hiyo utakuwa mbali kidogo na dunia, hautaweza kulifunika lote. Utaziba kama asilimia 97 ya upana wake na kuacha pete ya moto pembeni. Dakta Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alikuwa akiwaeleza Watanzania jambo hilo, na jina la Rujewa, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, likawa midomoni mwa watu. Kivuli kingeanzia Atlantiki, kipite Gabon na Kongo zote mbili, kivuke Ziwa Tanganyika, kisha kielekee Rujewa na Msumbiji hadi Madagaska. Sisi tungekuwa kaskazini ya njia hiyo. Pete tusingeiona, ila jua lingebaki hilali nyembamba.

Kaka aliumia. Mkazi wa kambi hatoki bila kibali, na Rujewa ni safari ya nusu ya nchi. Alikaa kimya jioni nzima, halafu akasema kwamba atalipiga picha jua hapahapa uani, amtumie baba mdogo kwa simu.

Papa ndiye aliyeweka sheria. Ndani ya gunia mlikuwa na kioo cheusi kidogo cha kufunga kwenye lenzi ya kuchungulia, na kaka alidhani ndicho cha kazi hiyo. Baba mdogo alipopigiwa alisema kwa sauti tuliyoisikia sote: kivunjeni. Kioo kama kile hukaa pale mwanga ulipokwisha kubanwa, hupata joto, hupasuka ghafla, na jicho lililo nyuma yake huungua bila kuhisi maumivu, kwa sababu utando wa ndani ya jicho hauna mishipa ya kuhisi maumivu. Kinga ya kweli hufungwa mbele kabisa ya darubini, nayo hupitisha sehemu moja tu kati ya 100,000 za mwanga wa jua. Hatukuwa nayo. Papa alikiweka kioo juu ya jiwe la kusagia, akakiponda kwa nyundo. Nilimpenda sana baba yangu siku ile.

Ikabaki njia ya zamani, ya kutochungulia kabisa. Unaielekeza darubini kwa kufuata kivuli chake: kivuli cha bomba kikiwa kifupi kuliko vyote ardhini, jua limo ndani. Nyuma ya lenzi ya kuchungulia unashika karatasi nyeupe, na jua linashuka juu yake, mviringo mkubwa kama sahani. Unapiga picha karatasi. Kaka alifanya majaribio, ikawa, ila weupe wa mchana uliifuta sura yote. Ilihitajika nguo nyeusi ya kuzunguka karatasi.

Hapo ndipo Koko alipoingia. Mama alikuwa kwenye mgao wa posho. Koko alifungua sanduku la mkwe wake, akatoa kitenge cheusi chenye maua ya njano, kipya, akampa mjukuu wake. Alitafuta kilicho cheusi kuliko vyote na akakipata. Kilikuwa sare ya harusi ya binti wa shangazi, na fundi cherehani alikuwa bado hajakigusa.

Vumbi la Agosti ni jekundu na huingia kila mahali. Kaka alichomoa lenzi ya kuchungulia aipanguse, na bomba likabaki wazi, mdomo juani, huku kitenge kimekunjwa kwenye kigoda chini yake. Lenzi ya mbele huuchukua mwanga wote ulioiangukia na kuubana kwenye doa la milimita 6 na nusu. Mahali hapo jua huwa kali zaidi ya mara 100. Nilisikia harufu kabla sijaona moshi. Kaka alipokivuta kitenge kilikuwa na tundu lenye kingo nyekundu zinazotambaa, na kwa kuwa kilikuwa kimekunjwa, tulipokikunjua tundu lilijirudia, moja kwenye kila mkunjo.

Mama alirudi na unga kichwani. "Kitenge yangu imefanya nini?"

Kaka alifungua kinywa, Koko akamtangulia: "Nimekitoa mimi."

Ikawa kesi ngumu kuliko moto wenyewe. Mama asingeweza kumpandishia sauti mama mkwe, na Koko asingeweza kuomba radhi mbele ya wajukuu bila Papa kuona aibu. Jioni Papa aliitisha kikao. Kaka aliamriwa kuchota maji na kutafuta kuni mpaka harusi ipite. Koko alitoa fedha alizofunga kwenye pindo la nguo yake, Mama akazikataa, Koko akaziweka chini ya chungu ambapo Mama angezikuta asubuhi. Kwa yule ambaye asingejibu wala kulia, Mama alikuwa huru: darubini isitoke tena na nguo yoyote ya nyumba hii, hata tambara. Fundi alihamisha maua, akaficha matundu kwenye mishono, na harusini hakuna aliyeona. Kwa upande wangu sikumwona kaka kuwa mzembe. Alitaka kusafisha lenzi, na hakuna aliyekuwa amemfundisha kwamba bomba hugeuzwa kutoka juani kwanza, ndipo liguswe.

Alhamisi ilifika bila wingu. Kaka alikuwa amepeleka simu kwenye kibanda cha kuchaji tangu asubuhi. Kambini umeme wetu ni wa sola, na sola ya kibanda kile ilihudumia foleni ndefu ya simu. Mwezi ulianza kuuma jua baada ya saa nne asubuhi. Kadiri jua lilivyopungua ndivyo paneli zilivyodhoofika, na kijana wa kibanda alidhani waya umekatika, akapanda juu ya paa kuutafuta. Kaka aliichukua simu ikiwa na chaji kidogo sana, akakimbia.

Uani, darubini ilifanya kazi yake. Kule kwetu magharibi jua hufika utosini karibu saa saba, kwa hiyo kabla ya saa sita bomba lilikuwa limesimama karibu wima na karatasi ilibidi iwekwe chini, Papa amepiga magoti akiishika. Hilali ilikuwepo, pembe zake kali, lakini hapakuwa na nguo ya kuikinga. Katika simu ilitoka kama madoa ya maziwa kwenye karatasi nyeupe.

Wakati huohuo Koko alikuwa ameweka beseni la maji nyuma ya nyumba, kama walivyofanya wazee wake kule Fizi, Kongo, na ameinama alitazame jua ndani yake. Papa aliacha karatasi, akaja mbio, akamwaga maji. Koko alikasirika, na nilimwelewa. Lakini maji hurudisha kama asilimia 2 ya mwanga, na hiyo ni mara 2,000 zaidi ya kile ambacho kinga salama hupitisha. Papa alimweleza polepole, ameshika mikono yake miwili.

Ndipo Mama alipoita kutoka jikoni. Hakuita jina la mtu. Alisema tu, "Njooni! Njooni muone!"

Jiko la Mama lilikuwa limeezekwa kwa bati kuukuu, lenye matundu ya misumari ya nyumba iliyotangulia. Kila siku matundu yale yalitupa viduara vya mwanga sakafuni na hatukuwahi kuvijali. Kumbe kila kiduara ni picha ya jua. Tundu dogo hufanya kazi ya lenzi, na kila mita moja kutoka tundu hadi sakafu huipa picha upana wa milimita 9 hivi. Sasa viduara vyote vilikuwa hilali. Zilitanda sakafuni, ukutani, kwenye mgongo wa mdogo wetu, na moshi wa mafiga ulionyesha kila mshale wa mwanga ukishuka kutoka batini. Mama alikuwa akichekecha unga. Alikuwa ameusukuma ungo chini ya matundu matatu, na juu ya unga mweupe zilikaa hilali tatu, safi, nyeusi pembeni kwa kuwa jiko lenyewe ni giza.

"Piga," alimwambia kaka. "Mkono wangu usitikisike."

Alipiga mpaka simu ikazimika. Majirani wakajaa, watoto wakakinga viganja, Koko akakaa kwenye kigoda na hilali moja kwenye goti. Mboga ya sombe iliyokuwa motoni iliungua yote, mpaka chungu, na mchana ule tulikula ugali na chumvi.

Picha aliyoitaka baba mdogo ilimfikia kesho yake, simu ilipochajiwa: ungo, unga, hilali tatu na kidole gumba cha Mama.

Jua lilipopatwa tena, Jumapili asubuhi ya tarehe 21 Juni 2020, pete ilipita kaskazini, Sudan Kusini na Ethiopia, na sisi tulipata sehemu. Kaka aliitoa darubini tangu alfajiri. Mama alimwambia jua la saa moja liko chini, halitaingia kwa bati, na akachukua nyundo na msumari. Mlango wetu unatazama mashariki. Aliutoboa usawa wa kifua chake, akaufunga, akamwamuru Papa ashike shuka jeupe ukutani, na kaka akaulizwa kama simu ina chaji.