Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Kyerwa: Uchunguzi Utangulie Ramli

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Naomba radhi kwa kukuandikia hadharani. Natambua kwamba mezani kwako kuna barabara, kuna madarasa, kuna kahawa inayovushwa usiku kwenda Uganda, na kwenye benchi nje kuna wananchi waliotoka mbali kukuona. Waitu, nisingethubutu kukuongezea jambo lingine kama sheria yenyewe isingekutaja kwa cheo chako.

Sheria hiyo ni Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, iliyotungwa na Waingereza mwaka 1928 baada ya ile ya kwanza ya 1922. Kifungu chake cha 8 kinamhusu Mkuu wa Wilaya. Akiletewa taarifa kwamba mtu anashukiwa kufanya uchawi, na baada ya uchunguzi akaridhika kwamba mtu huyo anawatia wenzake hofu au anaweza kuwadhuru, anaweza kumwamuru akaishi mahali maalumu ndani ya wilaya na kuripoti kila baada ya muda. Huku vijijini habari ya kuhamishwa inajulikana na kila mtu. Habari ya uchunguzi haijulikani sana, na hiyo ndiyo ninayokuja kuiombea, kwa unyenyekevu wote, huku nikikuomba uniruhusu nieleze kisa.

Ilikuwa msimu wa kahawa, katika kijiji kimoja cha wilaya yako ambacho sitakitaja ili kumlinda bibi ninayemzungumzia. Mama wa kaya moja alirudi asubuhi kutoka msibani Nkwenda alikokuwa amelala, akafungua stoo, akakuta magunia ya kahawa ya maganda hayapo. Alikuwa amelikuta kufuli mahali pake, limefungwa, halina hata mkwaruzo. Mbele ya kizingiti, pasipo na paa, palikuwa na manyoya meusi ya kuku, majivu na kipande cha kibuyu. Saa nne ua ulikuwa umejaa watu. Saa sita jina lilikuwa limeshapatikana: bibi mjane wa kibanja cha pili, anayewatengenezea watoto dawa za tumbo, na ambaye jana yake jioni alionekana akipita na jembe begani. Anayechukua mali bila kufungua kufuli, walisema, si mwizi, ni mlozi. Vijana wakaanza kuchangishana ili wamlete mpiga ramli. Aliyetoa fungu kubwa kuliko wote alikuwa baba wa kaya ile ile.

Mtendaji wetu wa kijiji, binti ambaye alikuwa bado mgeni kazini, akafika na daftari lake. Alipiga magoti akawasalimu wazee mmoja mmoja, akaomba kiti, kisha akaomba aruhusiwe kuuliza maswali madogo. Funguo za kufuli hili ziko ngapi? Mbili, akaambiwa, ya mama na ya baba. Mvua ya jana ilikatika saa ngapi? Karibu na alfajiri, wakasema wote, tena kubwa. Binti akainama akachota majivu ya pale kizingitini kwa vidole viwili, akayanyanyua kila mtu ayaone. Yalikuwa makavu kabisa. Akayarudisha chini taratibu, akafuta vidole kwenye kanga, akamgeukia mtoto wa mwisho wa nyumba ile aliyekuwa amesimama mlangoni, akamuuliza kwa upole jana usiku walikula nini.

“Kuku.”

“Kuku gani, mwanangu?”

“Jogoo wa mama. Yule mweusi.”

Ua mzima uliangua kicheko, Mheshimiwa, kisha ukanyamaza, maana mama alikuwa amemgeukia mumewe. Yule baba hakukaa sana kabla ya kusema ukweli. Kahawa ilipokuwa bado maua alikuwa amechukua fedha za butura, yaani ya kuuza kahawa kabla haijavunwa, akazitumia, na mkopeshaji alikuja usiku ule na gari kudai mzigo wake. Alifungua stoo kwa ufunguo wake mwenyewe. Manyoya, majivu na kibuyu alivipanga alfajiri, kwa sababu aliogopa kumwambia mkewe kwamba jasho la mwaka mzima liliuzwa kwa bei ya maua.

Simchukii mtu yule. Butura imewaaibisha wanaume wengi wa Karagwe na Kyerwa, na ingawa serikali imeipiga marufuku, mwenye mtoto anayedaiwa ada mwezi wa kwanza bado anaifuata gizani. Ila naomba ulione jambo moja alilolijua vizuri: kwamba akiweka manyoya kizingitini, hakuna atakayeuliza habari ya funguo.

Jioni tulikwenda kwa bibi kumpa habari. Tulimkuta amekaa kitandani amefunga kanga yake kama furushi. Ndani yake mlikuwa na kitambulisho, sufuria moja, blanketi na picha ya marehemu mumewe. Alikuwa amekusudia kuondoka usiku kuelekea Murongo, avuke mpaka kwenda Uganda, akaishi kwa watu asiowajua. Umri wake, Mheshimiwa, ni wa kumzaa mama yangu.

Wanaosema haya ni mambo madogo ya vijijini wakumbuke Murufiti, wilaya ya Kasulu, kwa jirani zetu wa Kigoma. Oktoba 2014 watu saba waliuawa kwa kuchomwa moto huko kwa tuhuma za uchawi, na watu 23 wakafikishwa mahakamani kwa mauaji hayo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kiliripoti watu 765 kuuawa kwa imani za kishirikina nchini mwaka 2013, na 505 kati yao walikuwa wanawake. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Nashukuru kwa amri ile, na naamini ilitolewa kwa nia njema kabisa. Lakini marufuku haimjibu mama aliyeibiwa kahawa. Anataka kujua nani kachukua, na asipopata mtu wa kumuulizia kwa utaratibu, atampata wa kumtajia jina.

Mkoa wetu wa Kagera una historia nzuri ya kuuliza kwa utaratibu, na nasikitika kwamba hatuwafundishi watoto wetu. Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, Muleba, wanafunzi walianza kucheka na kulia pasipo sababu iliyoonekana. Hadi shule inafungwa tarehe 18 Machi, 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Baadaye hali hiyo ikaibuka Nshamba na kuwakumba watu 217. Ungetegemea nini hapo, kama si kumtafuta mchawi? Madaktari walikwenda, wakapima damu, wakapima maji ya uti wa mgongo, wakakagua hata chakula. Hawakukuta sumu wala vijidudu. Walihitimisha kwamba ni taharuki iliyowakumba wengi kwa pamoja, wakaandika walichokiona na kukichapisha mwaka uliofuata. Hakuna aliyekufa.

Machi 2023 tena, Bukoba Vijijini, watu walikuwa wanakufa kwa homa, kutapika na kutokwa damu, na kwa siku kadhaa ugonjwa haukuwa na jina. Sampuli zikapelekwa maabara ya taifa. Tarehe 21 Machi tukatangaziwa kwamba ni Marburg, kwa mara ya kwanza katika nchi yetu, na tarehe 2 Juni ikatangazwa kwamba umekwisha. Namwombea pumziko jema mhudumu wa afya aliyefariki katika mlipuko ule. Siku zile ambazo ugonjwa haukuwa na jina ndizo za hatari kwa kila bibi anayeishi peke yake, na katika siku hizo serikali ilisema wazi: tunachunguza, subirini majibu.

Hata ufalme wa Karagwe ulipenda jambo lipimwe mbele ya macho ya watu. Speke, msafiri Mwingereza aliyefika kwa mfalme Rumanyika mwaka 1861, aliandika alivyosimuliwa kwamba wana wa mfalme aliyetangulia waliwekewa ngoma ndogo, na atakayeinyanyua ndiye mrithi. Ndugu za Rumanyika walishindwa, naye akainyanyua kwa kidole kidogo.

Basi, Mheshimiwa, kama itakupendeza, naomba watendaji wa vijiji wote waelekezwe kwa maandishi kwamba pakitokea wizi, kifo cha ghafla au mifugo kufa, mkutano wa kwanza usitaje jina la mtu. Uanze na daftari: nani aliona nini, saa ngapi, funguo ziko kwa nani, mgonjwa alifikishwa zahanati au hakufikishwa. Taarifa za namna hiyo zikufikie haraka hasa wakati wa kahawa, ambapo fedha, madeni na wivu huja pamoja. Na ikibidi mzee ahamishwe kwa usalama wake, nakusihi barua yake iseme waziwazi kwamba analindwa na hana kosa, maana barua ya kifungu cha 8 ikikaa kimya kuhusu hilo, kijiji kitaisoma kama hukumu. Mwenzako wa Karagwe naye, ukiona vema, umshirikishe. Hadi mwaka 2012 tulikuwa wilaya moja, na wapiga ramli bado wanatembea kana kwamba ni moja.

Naomba pia, kwa heshima kubwa, siku moja ya gulio upite nyumbani kwa bibi huyu. Usifanye hotuba. Ukae, ule ebitoke, ndizi zake, unywe chai yake, na watu wakuone umekula na kunywa. Njia ya kufika nitamweleza katibu wako.

Mwisho namwombea yule mtendaji barua ya pongezi kutoka kwako na pikipiki ya kazi, kwa kuwa siku ile alikuja kwa bodaboda aliyoilipia mwenyewe, na daftari alilotumia amelinunua kwa fedha zake.

Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa,

Mkulima wa kahawa, Kyerwa