Volkano Isiyo na Moshi

Mjomba wangu wa Goma anajiona ndiye mwenye volkano, na hapendi mtu mwingine awe nayo. Januari 2002, Nyiragongo ilipolipuka na lava ikapita katikati ya mji, alikimbia na godoro kichwani. Mei 2021 ilipolipuka tena alikimbia mikono mitupu, kwa sababu, asema, uzoefu ni mwalimu. Tangu hapo ukimtajia volkano ya kwingine anakutazama jinsi mfiwa anavyomtazama mtu anayelia kwa kuumwa na siafu.

Basi alipovuka mpaka wa Mpondwe kuja kutusalimu Bwera, binti yangu wa sekondari akajitia kimbelembele.

"Babu, hata sisi Kasese tunayo. Mashimo kwa makumi, ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth."

Mjomba akaweka kikombe chini. "Moshi wake uko wapi?"

Moshi hatukuwa nao. Ndipo safari ikapangwa, kwa ajili ya kutetea heshima ya wilaya.

Shangazi alijiunga kwa sababu moja tu: njia ya kreta inatokea Katwe, na Katwe kuna chumvi. Gari tulikodi kwa jirani, Korola ya zamani ambayo siku za soko hubeba abiria wanane, na mbuzi kwenye buti. Nilishangaa kidogo kuikuta imeegeshwa juu ya mteremko, injini inanguruma, dereva akituhimiza tupande upesi. Nikadhani ni mtu anayejali muda.

Tulipofika Kikorongo mawingu yakapanda na theluji ya Rwenzori ikajitokeza. Mjomba akapiga makofi. "Kumbe mnayo! Mbona mlinificha?"

"Hiyo si volkano, Babu," binti akasema. "Ni mwamba uliosukumwa juu na nguvu za ardhi."

"Mita 5,109, theluji kichwani, halafu hakuna moto tumboni?"

Nilimwelewa. Volkano ya kwenye vitabu vya jiografia ni kama Cotopaxi ya Ekuador: mita 5,897, barafu juu, moto chini. Ekuador nayo imekatwa na mstari wa ikweta kama Kasese, ila wenzetu walipewa vyote viwili katika mlima mmoja. Sisi barafu tuliwekewa mlimani, moto ukafichwa mashimoni.

Langoni askari wa hifadhi akaandika majina. Kwetu Wakonzo jina hufuata mpangilio wa kuzaliwa, na mtoto wa kiume wa pili ni Bwambale. Dereva, Bwambale. Mimi, Bwambale. Afande aliyepangiwa kutusindikiza, naye Bwambale. Mjomba ni Mnande, kwa hiyo ni Kambale, yaani Bwambale aliyezaliwa ng'ambo ya Lubiriha, mto wa mpakani. Shangazi akasema gari hili likipata ajali, tangazo la redio litakuwa fupi.

Njia ya kreta ni kilomita 27 za mawe. Shimo moja lina nyasi, la pili lina msitu, la tatu lina ziwa. Afande alieleza kwamba hapa gesi na mvuke vilipasua ardhi kwa kishindo, majivu yakatapakaa, na mlima haukupata nafasi ya kujengeka. Mjomba alisikiliza huku amekunja mikono. "Kwetu," akasema, "ikilipuka, unajua imelipuka."

Kilichonitia wasiwasi ni dereva. Kila tuliposimama kutazama aliegesha gari pua ikielekea shimoni, matairi hatua chache kutoka ukingoni. Shangazi alikuwa ameshaanza kusali. Ila Nyamunuka ilipotufikia puani, mbele ya ziwa lake linalonuka kiberiti na mayai viza, mjomba alishusha kioo, akavuta pumzi ndefu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa na adabu. "Hii harufu naijua."

Mbele kidogo, kwenye tambarare, tembo walikuwa wanavuka.

"Zima injini," afande akanong'ona.

Dereva hakuzima.

"Nimesema zima."

"Afande, nikiizima haiwaki tena. Stata ilikufa tangu Krismasi."

Sasa ile miteremko yote ikapata maana. Afande akanyoosha mkono mwenyewe, akageuza ufunguo, na kimya kikaanguka ndani ya gari. Tembo hawakuwa na haraka. Mmoja alikwanyua tawi la mti, akalitafuna lote, akalikumbuka lingine. Mtoto wao alitukazia macho kana kwamba sisi ndio kivutio. Walipoishia vichakani, dereva akageuza ufunguo kutimiza wajibu. Gari likatoa sauti ya kikohozi cha mzee, likanyamaza.

"Bwambale, shuka usukume!" Shangazi akaamuru.

Hakuna aliyetikisika. Kila Bwambale alimtazama Bwambale mwenzake. Sheria ya hifadhi inakataza kushuka ovyo, nami nikaona huo ndio wakati mzuri wa kutii sheria. Mjomba, aliyekimbia lava mara mbili, alikuwa amemwona ngiri mmoja anachimba mizizi, akafunga mlango kwa ndani. Mwishowe afande akashuka, bunduki mgongoni, akaninyooshea kidole. Tukasukuma, dereva akatia gia ya pili, Korola ikaruka mbele ikatuacha kwenye vumbi, tukaikimbilia huku ngiri naye akikimbia, kwa bahati upande mwingine.

Katwe gari liliegeshwa kwenye mteremko bila mtu kuuliza. Ziwa lenyewe limo ndani ya kreta, na hakuna mto unaotoka. Chemchemi huleta maji yaliyopita kwenye miamba ya volkano, jua huyakausha, chumvi hubaki. Watu wamegawana ukingo kwa vijishamba vya matope na miti, na wanaume husimama majini wakibandua mabamba ya chumvi kwa mitaimbo, katika maji yanayochoma kila penye mkwaruzo. Kando umesimama mzoga wa kiwanda kilichojengwa na Wajerumani. Chumvi iliyatafuna mabomba, kikafa kingali kichanga. Dereva akakitazama kwa huruma. "Naona nacho stata."

Shangazi alibishana bei mpaka muuzaji akamwita mama, akapata nusu gunia. Mjomba akaonja punje.

"Hii imetoka kwenye volkano?"

"Ndiyo hiyo hiyo unayokula kwenye maharage yangu," Shangazi akamjibu, "na wachuuzi wanaivusha mpaka huko kwenu Kongo. Umekula volkano yetu miaka yote huku unaidharau."

Mjomba akafikiri. "Yangu ilichukua nyumba," akasema. "Yenu inauza rejareja." Kisha akaomba kilo mbili.

Usiku akapiga simu Goma. Katika simu ile tembo walizidi arobaini, kreta zilikuwa zinafuka, na ngiri alikuwa na meno ya kiboko. Shangazi alipomsikia akisimulia jinsi gari lilivyosukumwa alitaka kumkatiza, nikamshika mkono.

"Ni Kambale aliyesukuma!" mjomba akapaza sauti. "Nawaapia, Kambale!"

Na hapo, ukizingatia majina yetu, hakusema uongo.