Kilo 94 na Mandazi ya Getini

Kilo 94. Kijana mwenye mizani kando ya Kenyatta Avenue, Nakuru, alizitangaza kwa sauti ya kondakta anayeita abiria wa Njoro. Mwandishi wa makala haya alilipa shilingi 20, akafunga kamba za viatu huku akihema, na kabla hajafika stendi alikuwa amekata shauri: ataogelea. Mbio zilikwisha kumshinda kwa sababu ya magoti na mbwa wa mtaani. Ziwa Nakuru halikufaa, kwani maji yake ya magadi ni ya heroe. Naivasha nako kuna viboko.

Likabaki bwawa la hoteli.

Jumamosi ya kwanza alifika saa moja asubuhi. Mji huu uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji ya bwawa lile yalikuwa yamelala nje usiku kucha. Alichovya kidole cha mguu, akakirudisha upesi. Mtoto wa miaka kama saba akamwambia, “Anko, ruka tu!” Akaruka. Faraja ilikuwa moja tu: mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo alielea kama mtungi mtupu huku vijana wembamba wakihangaika wasizame.

Nusu saa baadaye alitoka akitetemeka, na njaa aliyokuwa nayo haikuwa ya kawaida. Nje ya geti palikuwa na mama wa mandazi. Alikula manne, akashushia chai ya maziwa, kisha akaongeza viazi karai “vya njiani”. Jumapili alipita Kikopey kula nyama choma, akaiita protini.

Mkewe alipouliza kuhusu ulaji huo, alikuwa na ushahidi. Katika Olimpiki ya Beijing ya 2008, Mkenya Jason Dunford alimaliza wa tano katika fainali ya kuogelea mita 100 kwa mtindo wa kipepeo, mbio alizoshinda Michael Phelps. Magazeti yaliandika kwamba Phelps alikuwa akila kalori 12,000 kwa siku. Mwenyewe alikuja kusema ni kati ya 8,000 na 10,000.

“Na huyo Phelps,” mkewe akauliza, “alikuwa akiogelea Jumamosi kwa Jumamosi?”

Hesabu ilimuumbua. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700. Nusu saa yake, ukiondoa muda wa kushika ukingo na kutazama mawingu, huenda ilichoma 250. Kilo moja ingemdai Jumamosi 30 hivi, tena bila mandazi hata moja.

Baridi nayo ilichochea mambo. Mwaka 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida waliwapa wanaume mazoezi ya baiskeli ndani ya maji, kisha wakawaachia chakula. Walipotoka kwenye maji ya nyuzi 20, wanaume hao walikula kalori asilimia 44 zaidi ya siku walipotoka kwenye maji ya nyuzi 33. Mama wa mandazi hakuwa amesoma utafiti huo, lakini alijua pa kuweka karai lake.

Baada ya wiki sita, mizani ilisoma 96. “Hongera mkubwa,” kijana akasema, “umeongezeka!”

Aliyemwokoa ni mwalimu mstaafu anayeogelea kwenye bwawa lile kila asubuhi. “Baba, maji hayana shida,” alimwambia. “Shida yako iko getini.” Akamwelekeza: ndizi moja kabla ya kuingia; akitoka, maji ya kunywa kwanza, maana muogeleaji hutoka jasho bila kujua, kisha sweta, mayai mawili ya kuchemsha na uji moto kutoka nyumbani. Na aogelee mara tatu kwa wiki. Kupita getini aliambiwa apite akiongea na simu, hata kama hakuna aliyempigia.

Miezi minne baadaye alipanda tena mizani, kifua mbele. Kilo 91. Safari hii kijana hakutangaza. Alimtazama kuanzia kola iliyolegea hadi mkanda uliotobolewa tundu jipya, akashusha sauti.

“Pole sana, mkubwa. Kazi iliisha?”

Na zile shilingi 20 akamrudishia.