Sifa za Lifti Mbovu

Watu huilaani bure. Mimi, mpangaji wa ghorofa ya nane hapa Kisutu, nitaisifu lifti yetu mbovu kwa kirefu, pumzi ikisharudi.

Vijana tunaofanya kazi Posta huhamia katikati ya Dar es Salaam tukwepe foleni ya Kimara na Mbagala. Majengo ya zamani ya mtaa huu, mengi yakiwa yale ambayo Serikali iliyataifisha mwaka 1971 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, yana ghorofa tatu au nne na wazee wake hupanda bila kulalamika. Sisi tulitaka mnara, vioo na kitufe cha kubonyeza. Kitufe kipo. Kinawaka hata taa, LUKU ya jengo ikiwa na uniti.

Tazama lifti hii inavyonilindia mshahara. Binamu anayekuja kupiga mzinga huingia getini na shida ya laki tatu. Akifika ghorofa ya nne, shida imeshuka hadi nauli. Ya sita ananipigia simu palepale kwenye ngazi: alikuwa anapita tu, akaona anisalimie. Mwenye nyumba hapandi kabisa, lakini huyo alishachukua kodi ya mwaka mzima, hana cha kufuata huku juu.

Haina upendeleo pia. Meneja mwenye tai na kijana wa maji ya lita 20 hulowa jasho moja, ila kijana hutoza kila ghorofa na meneja hupanda bure.

Ilipokuwa nzima, tulisimama humo kila mtu ameinamia simu yake. Sasa namjua mama wa ya tatu anayekaanga bajia, na yule mzee wa ya tano aliyeweka viti viwili kwenye kona ya ngazi. Ukikaa kupumua, atakueleza kwa nini Yanga walistahili penalti, na huondoki mpaka ukubali. Mimi ni Simba. Nimekubali mara nyingi.

Kuna wapangaji wasio na shukrani waliochangisha pesa za matengenezo. Fundi alifika jana na sanduku zito la vifaa. Mota iko juu ya paa, ukishapita ghorofa ya 12. Aliitazama ngazi, akauliza kama hakuna lifti nyingine, akaahidi kurudi.