Namna ya Kumlaza Windows Ndani ya Kontena

Kwanza uwe na sababu. Ukiulizwa kwa nini umewasha Linux, juu yake ukaweka Docker, ndani ya Docker ukaweka QEMU, na ndani ya QEMU ukamweka Windows ili ufungue kikokotoo, jibu "nilitaka nione" linatosha kabisa. Kompyuta huijui mpaka uifanyie mambo kama haya. Kama pia una ile programu ya zamani ya hesabu za duka isiyokubali mfumo mwingine, basi una sababu mbili.

Sasa elewa unachofanya, maana hapa ndipo wengi hupotea. Kontena, ambalo Docker huliunda, si kompyuta. Ni programu ya kawaida iliyozungushiwa kuta, na kiini cha mfumo ni kilekile cha Linux yako. Windows ana kiini chake na hatumii cha mtu: ni mgeni anayekuja na godoro lake, jiko lake na kufuli lake. Ndiyo maana unahitaji QEMU, programu aliyoianzisha Fabrice Bellard, imwigizie bodi kuu, diski na kadi ya mtandao. Ataamini yuko kwenye kompyuta nzima. Mwache aamini.

Kabla ya yote andika ls /dev/kvm. Faili likiwepo, shukuru. Ndiyo njia ya kuifikia KVM, iliyoingia kwenye kiini cha Linux mwaka 2007, inayomruhusu mgeni kutumia prosesa halisi moja kwa moja. Lisipokuwepo, ingia BIOS, tafuta VT-x kwa Intel au SVM kwa AMD, uiwashe. Usiiruke hatua hii hata kidogo: bila KVM, QEMU hulazimika kutafsiri kila amri ya prosesa, na utalala uamke ukute duara bado linazunguka. Kisha likabidhi kontena faili hilo kwa --device=/dev/kvm, kwani haliwezi kuona usicholipatia.

Windows 11 anadai kumbukumbu ya GB 4, diski ya GB 64 na chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo nayo huigizwa kwa programu. Mpe GB 8 kama unazo. Faili la kusakinishia linazidi GB 5, kwa hiyo pakua kwa bando la usiku. Leseni bado inahitajika; kuta za kontena hazikuondolei deni hilo.

Diski yake iweke kwenye folda iliyo nje ya kontena. Kontena likifutwa, kila kilichoandikwa ndani yake huondoka nalo, pamoja na hesabu za duka za miaka yote.

Skrini utaiona kwenye kivinjari. Ifungie 127.0.0.1, yaani kompyuta yako pekee, maana mlango unaofunguliwa na Docker huupita ukuta-moto wa ufw bila kuuliza.

Limebaki la kuzima, nalo halitajwi inavyostahili. Amri ya docker stop hungoja sekunde 10, kisha huua. Kontena lililotengenezwa vizuri hutumia muda huo kubonyeza kitufe cha kuzima cha ile kompyuta ya kuigiza, lakini Windows aliye katikati ya masasisho hamalizi kwa sekunde 10. Atakatwa akiwa anaandika diskini. Unapounda kontena, weka --stop-timeout 120. Akiwa na masasisho mengi, weka 300.