Risasi, Fungasha! Vitu Sita vya Mjini Vinavyoweza Kuachana na Madini Haya

Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, anayapenda madini ya risasi kwa sababu ni mazito, ni laini, na huyeyuka kwa nyuzi 327 tu. Jiko la mkaa linatosha. Mwili hauyapendi hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kilicho salama kwenye damu, na mtoto mdogo huyafyonza mara nne hadi tano ya kiasi anachofyonza mtu mzima. Tuhesabu kurudi nyuma, kutoka yalikokwisha kufukuzwa hadi yaliko sugu.

6. Petroli
Mwaka 2001 nchi za Afrika zilikutana Dakar zikaazimia kuyaondoa, na kufikia 2006 vituo vya kusini mwa Sahara vilikuwa vimeachana nayo. Algeria ilimalizia 2021. Foleni ya Msimbazi bado ina moshi na honi, lakini sumu hii haimo tena. Na daladala zinatembea, tena zimejaa hadi mlangoni!

5. Rangi ya mafuta
Njano na nyekundu za kung'aa ndizo za kuchunguza kwanza. Kiwango cha Afrika Mashariki ni sehemu 90 kwa milioni. Bosi wangu, soma kopo kabla hujaanza kuvutana bei: punguzo la elfu mbili halimsaidii mtoto anayebandua rangi dirishani na kuitia mdomoni.

4. Wanja wa jiwe
Jiwe jeusi linalosagwa kuwa wanja mara nyingi ni galena, yaani madini yenyewe ya risasi. Mtoto mchanga akipakwa, anafikicha jicho, kisha ananyonya kidole. Shangazi, mwache mjukuu wako. Uzuri kazaliwa nao.

3. Chubwi
Wapo wavuvi wanaoibana chubwi ya risasi kwenye mshipi kwa meno. Kaka, meno ni ya kulia samaki! Nati kuukuu ya chuma inazama vilevile, na changu haulizi kimefungwa nini huko juu.

2. Marisau
Hapa, kwenye punje za bunduki, madini haya yana heshima ya kale. Hata namba ya mtutu imetokana nayo: gawa ratili moja iwe goroli 12 sawasawa, goroli moja inaenea mtutu wa namba 12. Gawa nne, unapata goroli ya gramu 113, ya mtutu mpana wa namba 4 ambao mwindaji Mwingereza Frederick Selous aliwindia tembo ujanani, kabla hajauawa vitani Beho Beho, Rufiji, Januari 1917.

Tatizo liko kwenye firigisi. Bata humeza changarawe ili zimsagie chakula. Akiokota marisau topeni, firigisi inayasaga nayo, na sumu inaingia kwenye damu. Marekani iliyapiga marufuku kwa uwindaji wa ndege wa majini mwaka 1991, Umoja wa Ulaya kwenye ardhi oevu mwaka 2023. Mkataba wa ndege wa majini wahamao wa Afrika, Ulaya na Asia, ambao Tanzania ni mwanachama, unataka hivyo hivyo. Mbadala upo: chuma ni chepesi zaidi na kigumu, hivyo mwindaji huchagua punje kubwa kidogo, na mitutu ya zamani haikipendi; bismuthi ni laini zaidi, inaifaa mitutu hiyo. Ila kujijazia maganda uani bila kibali ni jinai. Nunua duka lenye leseni, ulale usingizi.

1. Betri ya gari
Huyu ndiye sugu. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni madini haya, na pale anapoipasua mtu kwa shoka, akamwaga tindikali mtaroni na kuyeyusha sahani zake, watoto wa jirani ndio wanaolipa. Wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, walijua hivyo kutokana na kiwanda cha kuyeyushia betri. Mwanaharakati Phyllis Omido akasimama nao. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, rufaa ikautengua uamuzi, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha.

Kwa hiyo ukinunua mpya Kariakoo, irudishe ya zamani ikiwa nzima, na tindikali yake ndani, ili iende kwenye kiwanda chenye kibali. Na dai punguzo lako, bosi. Kulinda watoto wa mtaa hakukatazi kubembeleza bei.