Picha ya Bure Kutoka Kwenye Video

Video nyingi hubeba picha 25 kwa sekunde, hivyo dakika moja ya harusi ina picha 1,500. Ndipo hutokea mwenye shughuli anayembania mpiga picha, akiamini hapo hakosi ya kutundika sebuleni. Anasimamisha, anarudisha nyuma: bibi harusi kafumba macho; mbele kidogo, ana pilau mdomoni. Anapotabasamu, mkono wa mpambe umekuwa ukungu, kwa kuwa kila picha kwa kawaida hunaswa kwa 1/50 ya sekunde, na mpambe alikuwa akicheza. Iliyo safi nayo, kwa video ya 1080p, ina pikseli takriban milioni 2 tu. Kwenye simu inapendeza. Ikikuzwa kuwa bango, bwana harusi anageuka vigae vya bafuni. Heri angelipwa mpiga picha.